Nyasi Mbichi Ndani ya Ntumba

Ili uelewe ni kitu gani kilinitisha siku ile, inabidi kwanza nikueleze ntumba. Usichoke. Ni jambo dogo, na ukishalielewa mengine yatafuata yenyewe.

Kwetu Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha na nyasi zikiwa zimefika kifuani, hatuzichomi. Tunazilaza. Mkulima anazikusanya kwa jembe kutoka pande zote, anazipanga kwa mduara, kisha anazifunika kwa udongo mpaka kinatokea kilima kidogo kinachofika magotini. Hiyo ni ntumba moja. Shamba zima linajaa ntumba, safu kwa safu. Unaweza kupanda maharage juu yake, lakini kazi yenyewe inafanyika ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Nyasi zinaoza taratibu kiangazi kizima, katika baridi ya mwezi wa saba na upepo wa mwezi wa nane. Mvua za kwanza zikirudi mwishoni mwa mwaka, ndipo ntumba inafumuliwa, udongo mweusi unasambazwa na ulezi unamwagwa. Ukifumua kabla ya hapo huna kitu. Una nyasi na una udongo, kila kimoja peke yake.

Hata mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Mama yangu alikuwa anajua kuliko watu wote niliopata kuwaona na jembe mkononi.

Ilikuwa mwezi wa nne, katika ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wakati malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakipanda hadi vijijini kununua mahindi mlangoni kwa mtu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Sumbawanga. Dereva wa lori mojawapo aliniletea salamu kutoka kwa wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa akiishi na mama kijijini upande wa Mwazye. Salamu zenyewe zilikuwa fupi: njoo umwone mama.

Nilidhani ni malaria. Jumamosi nikapanda lori juu ya magunia matupu, nikiwa na vidonge kwenye mkoba.

Wifi alinipokea barabarani. Hakunipeleka nyumbani, alinipeleka shambani moja kwa moja. Juzi yake walikuwa wamealika watu kulima, majirani zaidi ya ishirini, wakapikiwa ugali na pombe ya ulezi, na shamba lote likawa limejaa ntumba mpya. Nilipofika nikaona safu tatu zimesambaratishwa. Nyasi zilikuwa zimetawanyika juani, bado za kijani, na katikati yake mama ameinama, anafumua ntumba ya safu ya nne. Bakuli la mbegu za ulezi lilikuwa kando yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa kweli. Mvua ya kwanza imeshanyesha, wenzetu wanamwaga mbegu, sisi bado tunatembea tembea."

"Nimemwambia," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwambia mama, ntumba hizi ni za juzi. Ananiita mvivu."

"Si mvivu wewe?" mama alisema bila kuinua kichwa. "Jua linakukuta na tandiko mgongoni."

Kisha akaingiza mkono ndani ya ntumba kama anavyofanya kila mkulima, kuchukua udongo mweusi na kuunusa. Mkono ulitoka na nyasi. Alizitazama. Akazisugua kwa vidole, zikamwachia utomvu. Akaingiza mkono tena, mahali pengine, zikatoka nyasi tena. Nilimwona anasimama wima, polepole, anatazama mbingu, anatazama shamba la jirani ambako mahindi yalikuwa yamesimama yanakauka, tayari kuvunwa. Halafu akanitazama mimi.

"Mbona nyasi ni mbichi?" aliniuliza.

Katika maisha yangu nimeulizwa maswali mengi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Lile ndilo lililonitisha. Niliona kwamba mama ameelewa kuwa kuna kitu kimepotea na hajui ni kitu gani, na kwamba anaogopa, na kwamba anamtegemea mwanawe mwalimu amweleze. Kilichopotea kilikuwa miezi minane. Alikuwa ameiruka kama mtu anayeruka mfereji.

"Mvua ilikuwa nyingi mwaka huu, mama," nilimdanganya. "Hazikuoza vizuri."

"Ahaa," alisema. "Nilijua."

Akaketi juu ya ntumba aliyoivunja. Nikaketi kando yake.

Nilimchukua kuja kuishi nami mjini wiki ileile. Lakini kabla sijaeleza ya mjini, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nimefikiri sana juu ya mwanzo wa jambo hili.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kulikuwa na jiwe la kusagia. Ulezi wa siku nzima, na mara nyingi wa pombe pia, ulisagwa juu ya jiwe lile kwa mikono ya mama, akiwa amepiga magoti, kabla jogoo hawajawika mara ya pili. Nililelewa na sauti ile. Sikumbuki hata asubuhi moja ambayo niliamka nikamkuta mama amelala. Na hakuwa peke yake. Kijijini kwetu, mwanamke alijulikana kwa moshi wa paa lake. Alfajiri kila nyumba ilitoa moshi, na nyumba isiyotoa moshi ililetewa mtu wa kuuliza: kuna mgonjwa? Hakuna aliyefikiri kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa amelala tu kwa sababu amechoka.

"Jua halijawahi kunikuta nimelala," mama alipenda kusema. Aliwaambia wageni, aliwaambia wakwe, alimwambia hata padri. Ilikuwa sifa yake, kama vile mwingine anavyosifiwa kwa sauti nzuri kanisani.

Halafu ikaja ruksa, na mtu mmoja wa kijijini akaleta mashine ya kusaga ya dizeli. Mlio wake ulisikika mpaka mtoni. Debe ambalo mama alilimaliza kwa kupiga magoti alfajiri mbili, mashine ililimeza kabla hujamaliza kumsalimia jirani kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na nakumbuka nilifurahi. Nilisema, sasa mama atalala.

Hakulala. Hakuna mwanamke aliyelala. Ile saa ya jiwe ilibaki wazi, na papo hapo ikajazwa. Wengine walianza kupika pombe ya kuuza kila siku badala ya kila sherehe. Wengine wakakaanga samaki wakavu wa kutoka Kasanga. Mama alianza bustani ya vitunguu, akawa anamwagilia gizani. Nilimuuliza kwa nini haendelei kulala, akanishangaa kwa dhati. "Nilale nikifanya nini?" alisema.

Na mimi nilikuwa nani wa kumsema? Mjini nilikuwa nafanya yaleyale. Mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki popote, na mume wangu alikuwa dereva ambaye siku nyingi yuko njiani. Kila mwalimu shuleni kwetu alikuwa na mradi. Mmoja alifuga kuku wa mayai, mwingine alishona. Mimi nilikaanga maandazi ya kupeleka vibanda vya chai pale stendi. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi hadi saa tano usiku, nikaamka saa tisa kukanda unga, na saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la nne, sketi ikinuka mafuta. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wenzangu walinisifu. Na mimi nilijisikia nikiwajibu kwa maneno ya mama, neno kwa neno: jua halijawahi kunikuta nimelala.

Sasa turudi kwa mama mjini. Usiku aliamka saa ileile ya jiwe. Nikawa nafunga mlango na ufunguo nauweka chini ya mto, maana mara ya kwanza tulimkuta amefika njia panda, peku, anatafuta shamba. Kwa hiyo hata zile saa nne nilizokuwa nalala zikawa za kusikiliza. Na mchana nilikuwa namchunguza. Nilihesabu alichosahau. Alisahau jina la mjukuu, alisahau kama amekula, aliweka chumvi mara mbili. Kila kosa lake lilinichoma, si kwa huruma tu. Nilikuwa natafuta kitu ndani yake ambacho nilianza kukiona ndani yangu.

Kwa muda mrefu nilikiita uchovu. Nilisahau chaki. Nilimwita mwanafunzi kwa jina la dada yake. Mambo ya kawaida. Lakini ikaja siku ya sehemu.

Somo la sehemu ninapenda kulifundisha kwa andazi. Unalikata katikati, unawaonyesha nusu. Unakata tena, unawaonyesha robo. Watoto wanaona kwa macho kwamba robo mbili zinajenga nusu, na mwisho waliojibu vizuri wanakula somo. Siku hiyo niliingia na andazi langu, nikalinyanyua juu, nikasema, "Leo nataka kuwaonyesha kitu kipya."

Watoto walitazamana. Nilikata katikati. Binti mmoja wa dawati la mbele, mpole sana, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, hiyo tulisoma jana."

"Na juzi," alisema mwingine.

"Nyamaza wewe!" sauti ilitoka nyuma. "Tutakosa andazi!"

"Mwalimu usiwasikilize, kata tu!"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu mwalimu asipocheka hapo amekwisha. Niliomba daftari la yule binti. Nikalifungua. Kulikuwa na kichwa cha habari, Sehemu, na mchoro wa duara lililokatwa vipande vinne. Ukurasa uliofuata, Sehemu, na duara lilelile. Kurasa zote mbili zilikuwa na vema zangu nyekundu na maandishi yangu: Vizuri sana. Nilikuwa nimesahihisha kazi hiyo mara mbili, nikasifu mara mbili, na sikukumbuka hata moja.

Nilimrudishia daftari lake. Nikaligawa lile andazi, wakala. Kisha nikawapa zoezi la kuandika na nikaenda kusimama dirishani, nikiwapa mgongo. Nje, upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la uwanja. Sikuona uwanja. Niliona mama ameshika nyasi za kijani. Mbona nyasi ni mbichi? Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Jumatatu iliyofuata nilimpeleka mama hospitali. Ndivyo nilivyowaambia watu, kwamba nampeleka mama. Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza kumtoka, mgeni katika mkoa wetu. Alimuuliza mama huu ni mwezi gani.

"Wewe kijana," mama alimjibu, "ni mwezi wa kulima. Unataka mwezi gani mwingine?"

Tabibu alicheka, akaandika. Alimpima muda mrefu, kwa upole. Mwishoni alinieleza bila kuzunguka: ni ugonjwa wa usahaulifu, umeshaingia ndani, dawa ya kuurudisha nyuma haipo. Kazi yetu ni kumlinda asipotee na kumheshimu. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshalijua hilo tangu shambani. Swali langu lilikuwa lingine.

"Daktari, ugonjwa huu unarithiwa?"

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza andazi. Nilimweleza na mambo mengine ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali nililoliona la kijinga.

"Unalala muda gani?"

"Saa tano hadi saa tisa."

"Saa nne. Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Na unaniambia kama mtu anayejisifu."

"Jua halijawahi kunikuta nimelala, daktari."

"Huyo ni mwanangu kweli," mama alisema kutoka kwenye kiti chake, akitabasamu.

Tabibu hakutabasamu. Alivuta kiti karibu. "Mwalimu, sikiliza. Unapolala, ubongo haulali. Ndiyo saa yake ya kazi. Yale yote uliyoyaona mchana, inabidi ubongo uyapange, kila kitu mahali pake, yakae. Hiyo kazi haifanyiki ukiwa macho. Wewe kila siku unauamsha haujamaliza. Halafu unashangaa kwamba hukioni kitu ulichokiweka."

"Kwa hiyo ni ntumba," nilisema.

"Ni nini?"

Nikamweleza ntumba, hapo hapo, kama ninavyokueleza wewe. Nyasi zinavyolazwa, zinavyofunikwa, zinavyohitaji kuachwa. Alisikiliza kama mwanafunzi. "Basi," alisema, "umeshajifundisha mwenyewe. Kila usiku unafunika nyasi, na saa tisa unafumua."

Kisha akanipa dawa yake. Nilale muda wa saa saba au nane, kila usiku, wiki mbili bila kuruka. Nichague kitu kimoja ninachopaswa kukijua vizuri, nijipime nacho kila asubuhi. Kama tatizo ni usingizi, nitaona nafuu.

"Na nisipoona nafuu?"

"Tutazungumza," alisema.

Nataka kukueleza kwa uaminifu nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu huenda na wewe ungefanya hivyo, na sitaki ujione mjinga. Sikulala. Nilichagua kitu cha kujipimia: majina ya wanafunzi wangu hamsini na wawili, kwa mpangilio wa madawati. Nilijaribu, nikakwama safu ya tatu. Na nikaendelea kuamka saa tisa. Niliwaambia watu kwamba vibanda vya chai vinanitegemea. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu. Nikiwa na usingizi, niliweza kusema ni usingizi. Lakini nikilala wiki mbili nzima, nikaamka asubuhi ya mwisho na safu ya tatu bado iko gizani, nitabaki na nini cha kusingizia? Hapo ningekuwa nimejua. Binti zangu walikuwa na miaka minane na mitano. Nilikuwa nawatazama wakila uji, nahesabu kichwani watakuwa na umri gani siku nitakapowauliza wao ni akina nani.

Karibu mwezi ulipita hivyo. Siku moja nilisimama stendi na ndoo ya maandazi kichwani, mbele ya vibanda vitatu, na sikujua ni kipi nimeshakipelekea. Mwenye kibanda cha kwanza akanipigia kelele, "Mwalimu vipi, leo unatuuzia au unatutazama?" Nilicheka. Nimegundua kwamba mtu anayeogopa hivyo anacheka sana.

Aliyenilaza ni mama.

Niliamka saa tisa kama kawaida, nikawasha kibatari, nikaenda chumba cha mbele kuchukua beseni la unga. Nilimkuta amepiga magoti juu ya mkeka. Viganja vyake vilikuwa sakafuni, vinasukuma mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, na mwili wote unafuata. Alikuwa anasaga. Jiwe halikuwepo, ulezi haukuwepo, lakini alikuwa anakusanya unga kwa ubavu wa mkono na kuuweka kando vizuri usimwagike. Aliinua uso, akaniona mlangoni, na akaninong'oneza kwa ukali, kama mtu asiyetaka kuamsha wengine.

"Wewe umeamka kufanya nini? Rudi ukalale. Mtoto hasagi. Mimi ndiye ninayesaga."

Maneno hayo nilishawahi kuyasikia. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka mitano, kwa sauti hiyohiyo. Na nilikuwa nikirudi kulala, ninasikia jiwe, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza kwamba usingizi wangu ule mtamu kuna mtu ameutoa kwenye usiku wake.

Nilizima kibatari. Nikarudi kitandani, nikajifunika blanketi hadi kichwani kama mtoto. Nililia kidogo. Halafu nikalala.

Nilichokisikia baada ya hapo ni hodi. Jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka ukutani. Ilikuwa Jumamosi, ashukuriwe Mungu. Jirani yangu, mwanamke wa kwetu aliyehamia mjini na tabia zake zote, alikuwa mlangoni na uso wa wasiwasi.

"Mnaumwa humu? Sijaona moshi."

"Hatuumwi. Tulikuwa tumelala."

"Mmelala?" Alitazama jua, akanitazama. "Jua hili?"

Nilijibu ndiyo, kwa aibu kana kwamba nimekutwa kwenye shamba la mtu. Ndipo nikajua kwa nini mama hakuweza kulala hata mashine ilipokuja. Woga wa ugonjwa ni mkubwa, lakini aibu iko karibu zaidi, inakuja hadi mlangoni na kupiga hodi.

Wiki mbili zilianza siku hiyo. Nilipunguza maandazi, nikawa nakaanga alasiri, mara tatu tu kwa wiki. Tulibana matumizi. Usiku wa mwanzo mwili uliamka wenyewe saa tisa, nikalala macho wazi nikimsikiliza mama, nikijiambia nina siku kumi na tatu, nina siku kumi na mbili. Asubuhi nilikaa kizingitini na kujipima. Safu ya kwanza, ya pili, halafu giza. Siku ya tano, giza. Siku ya saba nilikataa kujipima kabisa.

Nisimame hapa kidogo. Leo nimekaribia umri aliokuwa nao mama siku ile shambani. Tangu hapo wenye kuchunguza ubongo wamejifunza mengi, na mengine yananifikia kwa redio na kwa binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi. Ananiambia kwamba katika usingizi mzito ubongo pia unajisafisha, unaondoa taka za siku nzima, na kwamba watu wanaokosa usingizi miaka mingi wanaonekana kuwa katika hatari zaidi ya kusahau uzeeni. Nilimuuliza, kwa hiyo bibi yako alipotea kwa sababu ya lile jiwe? Alisema hakuna anayeweza kuapa hivyo. Wapo waliolala vizuri na wakaugua, wapo waliosaga maisha yote na wakafa na akili zao. Na ugonjwa wenyewe unavuruga usingizi, hivyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Namshukuru kwa kunieleza ukweli. Lakini nawaambia walimu vijana wanaokuja kwangu na macho mekundu, wakijivunia: laleni, wanangu. Mengine hatuna uwezo nayo, hili tunalo. Na mimi mwenyewe bado naogopa. Nikikosa miwani yangu, kabla sijaitafuta, nataja kwanza yale majina hamsini na mawili.

Maana safu ya tatu ilirudi. Ilirudi siku ya kumi na moja, si yote, majina manne. Siku ya kumi na mbili yalikuwa sita. Asubuhi ya mwisho nilikaa kizingitini na sweta, jua la baridi likinipiga usoni. Mama alikuwa kando yangu na ungo, anapepeta ulezi nilionunua makusudi ili mikono yake ipate kazi. Nilifumba macho. Nikaanza dawati la mbele kwa yule binti mpole, nikaenda taratibu, nikaogopa nilipofika safu ya tatu kama mtu anayevuka daraja la miti, nikavuka. Nikafika mpaka ukutani nyuma, kwa yule aliyeogopa kukosa andazi.

"Unahesabu nini?" mama aliuliza.

"Watoto wangu, mama."

"Wako wangapi?"

"Hamsini na wawili."

Ungo ulisimama. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, cheko lake la zamani, la tumboni. "Umezaa sana, mwanangu! Ndiyo maana hulali."

Tulicheka wote wawili mpaka machozi. Nilikuwa bado najifuta nilipoona ameacha kucheka. Alikuwa anatazama ulezi kwenye ungo, na uso ulikuwa umebadilika, ule uso wa shambani.

"Na mimi," aliuliza polepole, "nina wangapi?"

"Sita, mama. Wawili wametangulia, wanne tupo."

"Nitajie."

Nilimtajia mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Kila jina aliliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anayetambulishwa kwa wageni. Nilitaja wale wawili pia. Nikafika kwa kitinda mimba, nikataja jina langu.

"Huyo wa mwisho," alisema, "yuko wapi?"

"Yuko hapa."

Alitazama mlango wa chumba changu, pazia lilikuwa limeshushwa.

"Amelala?"

Nilishika ukingo wa ungo wake ili usimwagike.

"Amelala, mama. Amelala vizuri."

"Basi muache," alisema, na akaanza kupepeta tena, taratibu, asifanye kelele. "Usimwamshe."